Nyasi zilizooza, kompyuta za shule na donge la damu

Ukipanda basi la abiria mjini Louisville, Columbus au Buffalo nchini Marekani, si ajabu kusikia Kiswahili kikizungumzwa viti viwili nyuma yako. Wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo na Burundi, pamoja na Wasomali wenye asili ya Kibantu ambao Marekani ilianza kuwapokea mwaka 2003, wameifanya miji hiyo mitatu kuwa makao yao mapya. Lakini kuna jambo jingine linaloiunganisha miji hiyo, nalo halijulikani sana hata na wenyeji wake. Kila mmoja umechangia sehemu yake katika kazi ya kuzichambua kemikali kwa kompyuta ili kupata dawa, zikiwemo kemikali zinazotokana na mimea.

Miongoni mwa maradhi yanayotafutiwa dawa kwa njia hiyo ni kuganda kwa damu ndani ya mishipa. Damu inapoganda juu ya jeraha, hiyo ni neema; bila hivyo mtu angekufa kwa kukatwa na kisu cha jikoni. Inapoganda ndani ya mshipa wa mguu, kisha donge likasafiri hadi kwenye mapafu, au linapotoka kwenye moyo na kuziba mshipa wa ubongo, matokeo yake ni kifo cha ghafla au kiharusi. Tiba yake basi ni kama kutembea juu ya kamba: dawa ikiwa hafifu, donge litajenga, dawa ikizidi, mgonjwa atavuja damu.

Katika makala hii, msikilizaji, tutaifuata historia ya jaribio la kuikabidhi kompyuta kazi ya kuchagua, kati ya maelfu ya kemikali za mimea ziitwazo polifenoli, zile zinazoweza kuizuia damu isigande. Polifenoli ndizo zinazoipa chai ukali wake mdomoni, manjano rangi yake, na kitunguu chekundu wekundu wake. Kila mwaka magazeti hutuambia kwamba moja kati ya hizo imegunduliwa kuwa dawa. Sisi watangazaji tunalijua vyema jaribu la kichwa cha habari cha namna hiyo.

Historia yenyewe, hata hivyo, haikuanza na kompyuta. Ilianza na ng'ombe.

Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani walianza kupoteza mifugo kwa namna ya kutisha. Ng'ombe aliyekatwa pembe, au dume aliyehasiwa, alivuja damu bila kukoma hadi akafa. Daktari wa mifugo Frank Schofield, aliyekuwa akifanya kazi Ontario, alibaini kwamba wanyama hao wote walikuwa wamekula majani makavu ya mmea uitwao melilotus, wa jamii ya kunde, yaliyokuwa yameingia ukungu. Majani mazuri ya mmea huohuo hayakumdhuru mnyama yeyote. Miaka michache baadaye, katika jimbo la North Dakota, Lee Roderick alionyesha kwamba damu ya wanyama hao ilikuwa imepungukiwa na prothrombini, protini ambayo bila hiyo damu haiwezi kuganda.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Februari mwaka 1933. Mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri karibu kilomita 300 katika dhoruba ya theluji, akiwa na mzoga wa mtamba, kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na mzigo wa nyasi zilizooza. Alifika kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Link hakuwa na dawa ya kumpa zaidi ya ushauri wa kuacha kulisha mifugo nyasi zile. Lakini damu ile haikumtoka akilini, na yeye na wasaidizi wake walitumia zaidi ya miaka sita kutafuta sumu yenyewe.

Mwaka 1939 msaidizi wake Harold Campbell aliipata, ikiwa katika umbo la fuwele. Iliitwa dikumaroli. Ni molekuli mbili za jamii ya kumarini zilizoungana, na kumarini yenyewe ni kemikali ya kawaida kabisa ya mimea, ndiyo inayoyapa majani yaliyokatwa karibuni harufu yake tamu. Ukungu ndio ulioibadilisha harufu hiyo kuwa sumu. Mwaka 1941 madaktari walikwisha kuanza kuijaribu dikumaroli kwa wagonjwa wenye mabonge ya damu. Link aliendelea kuunda kemikali nyingine zinazofanana nayo, na moja kati ya hizo, iliyokuwa na nguvu zaidi, ikauzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Jina lake, warfarini, linatokana na herufi za kwanza za taasisi ya utafiti ya Wisconsin iliyogharamia kazi hiyo.

Nani angekubali kumeza sumu ya panya? Mwaka 1951 mtu mmoja nchini Marekani aliyeimeza kwa kutaka kujiua aliokolewa hospitalini kwa vitamini K, na madaktari wakatambua kwamba sumu hii ina kinga yake. Mwaka 1954 iliruhusiwa kutumiwa na binadamu. Mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower, aliyepatwa na mshtuko wa moyo, alitibiwa kwa warfarini, na baada ya hapo hofu ya watu ilipungua.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu huu ndio ushahidi mkubwa zaidi tulio nao kwamba kemikali ya jamii hii, yenye asili ya mmea, inaweza kuwa dawa ya damu iliyoganda. Hakuna aliyeitafuta. Ililetwa mlangoni ndani ya kopo la maziwa. Watafiti wa baadaye walijiuliza swali la haki: je, ni lazima tungoje ng'ombe wengine wafe?

Ili kompyuta iweze kuchagua kemikali, kwanza inabidi izijue kemikali hizo kwa majina, na hapo ndipo Columbus inapoingia. Jumuiya ya wanakemia wa Marekani ilianza mwaka 1907 kuchapisha muhtasari wa maandishi yote ya kemia duniani. Mwaka 1909 kazi hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, mjini Columbus, na haijaondoka mjini humo tangu wakati huo. Idara hiyo inajulikana kwa kifupi kama CAS. Kwa miongo kadhaa ilikuwa kazi ya kalamu na kadi, na tatizo lilikuwa moja: kemikali moja inaweza kuwa na majina kumi, na jina moja likatumiwa kwa kemikali mbili.

Mwaka 1965 CAS ilianzisha daftari la kompyuta. Harry Morgan, aliyekuwa akifanya kazi huko, alibuni kanuni ya kuzihesabu atomu za molekuli kwa mpangilio mmoja usiobadilika, hata mchoraji aanzie upande gani. Kila kemikali ilipewa namba yake, mfano wa kitambulisho cha raia. Warfarini ni 81-81-2. Kwersetini, polifenoli iliyomo kwenye vitunguu, ni 117-39-5. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi: ukizidisha tarakimu nyingine kwa 1, 2, 3 na kuendelea, ukianzia kulia, kisha ukajumlisha, tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo lazima ilingane nayo. Kwa kwersetini jumla ni 45, na namba inaishia kwa 5. Karani akikosea tarakimu moja, kompyuta inakataa. Mwaka 2015 daftari hilo lilifikisha kemikali milioni 100, na sasa lina zaidi ya milioni 200.

Jina peke yake halitoshi. Mwanakemia wa Kijerumani Emil Fischer alisema mwaka 1894 kwamba kemikali huingia katika protini kama ufunguo katika kufuli. Columbus ilikuwa na orodha ya funguo. Kilichokosekana ni sura ya kufuli.

Njia ya kuiona sura hiyo ni kuigeuza protini kuwa fuwele na kuipiga miali ya eksirei. Miali hutawanyika na kuacha nukta nyingi, na kutoka kwenye nukta hizo mtaalamu hupaswa kukokotoa mahali ilipo kila atomu. Tatizo ni kwamba nusu ya taarifa hupotea njiani. Wanakemia wengi waliamini kuwa haiwezi kupatikana tena kwa hesabu. Mtu aliyewapinga hakuwa mwanakemia. Herbert Hauptman, mzaliwa wa New York mwaka 1917, alikuwa mwanahisabati. Akiwa pamoja na Jerome Karle katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba taarifa iliyopotea imejificha ndani ya zile nukta zenyewe, na inaweza kurejeshwa kwa kanuni za uwezekano. Walipokelewa kwa kejeli.

Mwaka 1970 Hauptman alihamia katika taasisi ndogo ya utafiti wa tiba mjini Buffalo. Mwaka 1985 yeye na Karle walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia, na taasisi hiyo baadaye ikachukua jina lake: Hauptman-Woodward. Katika miaka ya 1990, akishirikiana na Charles Weeks na Russ Miller, alitengeneza programu ya kompyuta iliyowezesha kanuni zake kutumiwa kwa molekuli kubwa zaidi. Baadaye taasisi hiyo ilifungua maabara ambamo protini moja hujaribiwa katika mchanganyiko wa aina 1,536 kwa mpigo, kwani kuipata fuwele nzuri ni kazi ngumu kuliko hesabu yenyewe. Hauptman alifariki dunia mjini Buffalo Oktoba mwaka 2011.

Kufuli za damu zenyewe zilifunguliwa kwingine. Thrombini, kimeng'enya kinachokamilisha kuganda kwa damu, ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1989 nchini Ujerumani, kwa kazi ya Wolfram Bode na wenzake karibu na mji wa Munich. Mwenzake, uitwao faktori Xa, ulifuata mwaka 1993. Wakati huo tayari kulikuwa na programu za kujaribu funguo. Ya kwanza iliyopata umaarufu, iitwayo DOCK, ilitungwa na kundi la Irwin Kuntz mjini San Francisco mwaka 1982.

Kilichobaki kilikuwa nguvu ya kompyuta. Tufanye hesabu nyepesi. Ikiwa kuujaribu ufunguo mmoja kunachukua dakika moja, funguo milioni moja zitachukua siku 694, yaani karibu miaka miwili, kwa kompyuta moja. Kwa kompyuta 1,000 zitachukua saa 17. Lakini nani ana kompyuta 1,000 zisizo na kazi?

Jibu la Louisville lilikuwa la werevu. Shule zina kompyuta hizo, na usiku hazina kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa huko Kentucky mpango uitwao Dataseam. Shule za wilaya za jimbo hilo, nyingi zikiwa katika milima ya mashariki yenye migodi ya makaa ya mawe na umaskini wa muda mrefu, zilipewa kompyuta mpya. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye kodi ya makaa ya mawe. Mwanafunzi alizitumia mchana kwa masomo. Zilipokuwa hazitumiki zilipokea kazi kutoka Chuo Kikuu cha Louisville, ambako John Trent na wenzake walikuwa wakitafuta dawa za saratani kwa kuzichuja kemikali. Binafsi nauona mpango huu kuwa wa kuigwa kuliko maabara nyingi za kifahari, kwani mtoto wa mchimba makaa alibaki na kompyuta darasani hata kama dawa haikupatikana.

Na kitu kilipatikana. Mwaka 2008 watafiti wa Louisville, Trent na Jason Chesney wakiwa miongoni mwao, walichapisha habari za kemikali waliyoiita 3PO, iliyochaguliwa kwa kompyuta ili kuzuia kimeng'enya kinachoilisha saratani sukari. Ndugu yake aliyeboreshwa, PFK158, aliingia katika majaribio ya kwanza kwa binadamu mwaka 2014. Haikuwa dawa ya kuganda kwa damu, na haijawa dawa ya dukani. Ilionyesha tu kwamba njia ipo.

Hapo ndipo wengi walipozigeukia polifenoli. Programu zilikuwa za bure, picha za kufuli zilikuwa za bure, na orodha za kemikali za mimea zilizidi kuongezeka. Mtafiti mwenye kompyuta ndogo ya mkononi, awe Nairobi au Dhaka, angeweza kuchuja mamia ya polifenoli dhidi ya thrombini kwa wiki moja na kutangaza mshindi. Makala za namna hiyo zimejaa katika majarida. Kwa maoni yangu, nyingi zinatangaza ushindi kabla ya mechi kuanza.

Sababu ni hii. Polifenoli ni funguo zenye meno mengi yanayonata. Zinashikamana na karibu kila kitu, na kompyuta huzipa alama za juu kwa sababu hiyohiyo. Hata kwenye maabara zinadanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Brian Shoichet na wenzake walionyesha kwamba kemikali kadhaa, kwersetini ikiwemo, hujikusanya majini na kuwa vibonge vidogo vinavyozizonga protini. Kimeng'enya kinasimama, mtafiti anashangilia, kumbe hakuna ufunguo wowote ulioingia. Mwaka 2010 Jonathan Baell na Georgina Holloway wa Australia walichapisha orodha ya maumbo ya kemikali yenye tabia ya kuhadaa vipimo, na baadhi ya maumbo hayo ni ya kawaida sana katika polifenoli. Mwaka 2017 kundi la Kathryn Nelson huko Minnesota liliichunguza kemikali ya manjano, kurkumini, iliyokuwa imejaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya mara 120, na likahitimisha kuwa hakuna jaribio hata moja lenye masharti makali lililofanikiwa. Zaidi ya hayo, ukila polifenoli, utumbo na ini huibadilisha kabla haijaufikia mshipa. Kompyuta huijaribu molekuli ambayo huenda isiwepo kabisa ndani ya damu.

Je, basi zote zitupwe? Hapana, na kuna kisa kimoja kinachonizuia kusema hivyo. Mwaka 2012 kundi la Robert Flaumenhaft mjini Boston lilitangaza kwamba limechuja karibu kemikali 5,000 ili kupata zinazozuia protini iitwayo PDI, ambayo hutolewa pale mshipa unapojeruhiwa na husaidia donge kuanza. Iliyowavutia zaidi ilikuwa polifenoli: rutini, ipatikanayo katika chai na matunda. Lakini uchujaji huo ulifanywa maabarani kwa kemikali halisi, na rutini ikathibitishwa kwa panya waliojeruhiwa mishipa. Kisha binamu yake, isokwersetini, alipewa wagonjwa 57 wa saratani, watu ambao damu yao huganda kwa urahisi mno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kwa dozi ya miligramu 1,000 kwa siku, kipimo kimoja cha dalili za kuganda kilishuka kwa takriban asilimia 22, na hakukuwa na mgonjwa aliyevuja damu vibaya. Jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kidonge kisicho na dawa, na mpaka sasa isokwersetini haijaidhinishwa kuwa tiba ya mabonge ya damu.

Wakati huohuo, picha za kufuli zilizaa matunda kwa kemikali zisizotoka shambani. Dabigatrani na rivaroksabani ziliidhinishwa Ulaya mwaka 2008, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Hazihitaji mgonjwa apimwe damu kila mara kama ilivyo kwa warfarini. Kabla yao dawa nyingine ya kundi hilo, ksimelagatrani, ilikuwa imeondolewa sokoni mwaka 2006 kwa kuharibu ini, jambo ambalo hakuna sura ya kufuli iliyolitabiri.

Hata hivyo, msikilizaji wa Afrika Mashariki asifikiri kwamba warfarini imestaafu. Agosti mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa INVICTUS, lililofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wote walikuwa na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaowaandama vijana wetu wakati Ulaya imeshausahau, pamoja na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Watafiti walitarajia kwamba rivaroksabani ingekuwa angalau sawa na dawa ya zamani. Waliopewa dawa za kundi la warfarini walikufa wachache zaidi, wala hawakuvuja damu kupita wenzao. Sumu ya nyasi zilizooza iliishinda dawa ya kisasa. Na kufuli ambalo warfarini hulifunga, kimeng'enya kinachoirejesha vitamini K kazini, halikuwa limeonekana sura yake hadi mwaka 2020, zaidi ya miaka 60 tangu dawa yenyewe iingie hospitalini.

Hapo ndipo penye hatari ya karibu zaidi, huko nyumbani na katika hiyo miji mitatu pia. Sukuma wiki na mchicha vina vitamini K kwa wingi. Mtu anayetumia warfarini akibadilisha ghafla kiasi anachokula, dawa yake inaweza kupungua au kuzidi nguvu. Vidonge vya mitishamba vinavyouzwa kwa jina la polifenoli vinaweza kuivuruga vilevile. Daktari wa Louisville asiyejua kwamba mgonjwa wake kutoka Uvira anakunywa dawa ya mizizi aliyotumiwa na dada yake hawezi kueleza kwa nini kipimo cha damu kinapanda na kushuka.

Mimea yetu nayo imeanza kupewa orodha yake. Mwaka 2020 Conrad Simoben, Fidele Ntie-Kang na wenzao walichapisha kanzidata ya kemikali asilia za Afrika Mashariki: molekuli 1,870 kutoka aina zipatazo 300 za mimea na viumbe vingine, zilizokusanywa kutoka maandishi ya tangu miaka ya 1960. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua na kuzijaribu dhidi ya thrombini usiku wa leo. Kazi inayofuata, ya kuipata kemikali yenyewe, kuithibitisha kwa damu halisi na kwa mnyama, kisha kwa mgonjwa aliyeridhia, inahitaji maabara, fedha na miaka. Link na wenzake, wakiwa na damu ile mkononi, walihitaji zaidi ya miaka sita ili kuipata fuwele ya kwanza.